Kadi ya Kitanda cha Saba

Sehemu ya Tano

"Weka hiyo bandeji chini, sista."

Rahab Wariara hakuiweka. Mkono wa kulia ulishika koleo, wa kushoto ulishika shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Chini ya mikono hiyo kulikuwa na mguu wa bibi kizee, mweusi kama makaa kutoka vidoleni mpaka kwenye muundi. Ukianza kubandua shashi kwenye kidonda cha namna ile, huachi katikati.

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji: muuguzi ameinama, bibi amefumba macho, na sauti ya mwanamume imetoka mlangoni. Ambaye hakupata gazeti la wiki jana asisumbuke. Mambo yenyewe ni machache.

Syokau wa Ndolo, mjane anayekaribia miaka sabini, ametoka vilima vya nyuma ya Migwani. Ana ugonjwa wa sukari, na mguu wake wa kushoto unaoza. Daktari, ambaye huja hospitali hii ndogo ya Itoloni kila Jumanne na Ijumaa, amesema mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo utamuua. Syokau mwenyewe amesema, "Kateni." Leo ni Ijumaa. Vyombo vimekwisha kuchemshwa.

Basi turudi mlangoni.

"Mimi ndiye mtu wake," mwanamume alisema. "Naitwa Nzuki. Mume wake, mzee Ndolo, alikuwa ndugu ya baba yangu. Nimekuja kumpeleka nyumbani."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, koti limefungwa vifungo vyote ingawa mabati ya wodi yalikuwa yameanza kulia kwa jua. Mkononi alibeba chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Nakuomba uyakumbuke hayo maziwa. Mtu mbaya hatembei maili kumi na mbili na chupa ya maziwa. Au pengine hutembea. Sijui.

"Haendi," alisema Ndinda.

Ndinda alikuwa amekaa sakafuni, ameshika beseni la maji machafu. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Kwa siku kumi na mbili alikuwa amelala chini ya kitanda kile cha saba.

"Wewe sijakuuliza," Nzuki alisema.

"Na mimi sijakujibu. Namwambia sista."

Kitanda cha nane kilicheka. Yaani alicheka Mwanamkasi, mama wa wenye duka la vitambaa kule Mwingi, aliyevunjika nyonga na kuvutwa mguu kwa kamba na jiwe. Hakuweza kujigeuza, lakini masikio yake yalifika kila pembe ya wodi.

Rahab aliweka shashi mpya juu ya kidonda, akasimama wima.

"Mzee Nzuki, shikamoo. Daktari anakuja leo. Mama atafanyiwa operesheni. Amekubali mwenyewe."

"Nani amekubali?"

"Mama Syokau. Mwenyewe."

Nzuki aliweka maziwa juu ya kabati dogo la kando, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Sista, umesoma kadi yake?"

"Kadi niliandika mimi."

"Basi isome. Soma kwa sauti."

Rahab aliichukua kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Wino wa buluu, mwandiko wake mwenyewe, ulionyooka kama mistari ya shamba. Alisoma jina. Alisoma umri. Alipofika mstari wa sita sauti ikapotea.

"Endelea," Nzuki alisema kwa upole. "Karani wenu alinisomea juzi."

"Karani hana ruhusa ya kumsomea mtu kadi ya mgonjwa."

"Hiyo ni yenu na karani. Soma."

Rahab alisoma. "Mgonjwa amechanganyikiwa. Anasema ana mke."

Nzuki alitikisa kichwa kukubali.

Kisha Mwanamkasi akasema, "Ati nini?"

Nikurudishe nyuma siku kumi na mbili, kwa dakika moja tu. Rahab yuko mezani, foleni imefika mpaka kwenye mti wa mwarubaini. Anauliza maswali yake kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Umezaa watoto wangapi? "Sikuzaa." Mume? "Alikufa." Ndugu wa karibu ni nani? "Mke wangu." Rahab anainua kichwa. Mke wako? "Ee. Huyu. Nilimwoa." Na bibi anamwonyesha kwa kidole mwanamke aliyembeba mgongoni kutoka barabarani.

Rahab hakumcheka. Ni mtu wa heshima. Alizaliwa upande wa Kangema, katika nyumba ya mzee wa kanisa, akasomea uuguzi Nairobi, na vitabu vyake vilisema kwamba sukari ikipanda sana mzee huweza kuweweseka. Alimwonea huruma. Akaandika alichoamini ni kweli.

"Sista," Mwanamkasi alisema, "umekaa nchi hii muda gani?"

"Miezi kumi na minne."

"Miezi kumi na minne, na hujasikia iweto?"

"Iweto ni nini?"

"Haya! Mwanangu, mimi wazee wangu walikuja huku na biashara ya nguo kutoka pwani, sina hata tone la damu ya Kikamba, na hilo nalijua. Mwanamke akikosa mtoto, hulipa mahari, akaoa msichana. Huyo msichana anazaa watoto, na watoto ni wa nyumba ya yule mama. Anaitwa iweto. Mke, hasa. Mbuzi wametoka, pombe imenywewa, wazee wamekaa. Huyo bibi hakuwa na wazimu. Alikujibu swali!"

Rahab alimgeukia Ndinda. "Ni kweli?"

"Nina watoto watatu," Ndinda alisema. "Wote wanaitwa kwa jina la Ndolo. Mkubwa yuko darasa la saba. Huyu ni mwaitu, ni mama yangu, na ndiye aliyenioa. Kwani uliniandika nani?"

Ndinda aliinuka, akaitazama kadi. Kusoma alijua kidogo, kwa kufuata kidole.

"Aliyemleta," alisoma. "M-fa-nya-ka-zi." Akarudia. "Mfanyakazi?"

"Nisamehe, mama."

"Siku kumi na mbili mimi ni mfanyakazi."

Rahab alimgeukia Nzuki, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Wewe ulijua! Ulijua kwamba hakuchanganyikiwa. Arusi yao unaijua."

"Mbuzi wawili kati ya wale nilipeleka mimi kwa mkono wangu," Nzuki alisema. "Naijua vizuri."

"Basi kwa nini?"

"Sista, mimi sikuandika kitu. Ni wewe uliandika."

Alikuwa sahihi. Hapo ndipo pabaya penyewe.

*

Daktari Mugo alifika saa nne na nusu, vumbi limempaka nyusi. Alikuwa ametoka Kitui asubuhi na alitakiwa Mwingi kesho mchana. Alinawa mikono huku Rahab akimweleza, jambo moja baada ya jingine, bila kujitetea. Hakuficha hata lile neno mfanyakazi.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Iweto," alisema. "Mimi pia ningeandika hivyo hivyo."

"Naomba nifute, Daktari. Niandike kadi nyingine."

"Hapana. Ukifuta mstari mmoja, nani ataamini mistari iliyobaki? Piga mstari juu yake, mmoja tu, neno lisomeke. Andika sahihisho chini, saa, tarehe, sahihi yako."

Akafanya hivyo. Lakini msomaji, neno lililopigwa mstari mmoja huonekana zaidi ya lile lisilopigwa. Neno "amechanganyikiwa" lilibaki pale, limevaa kamba shingoni, likitazama kila mtu.

Nzuki alisimama. "Daktari, nina haki ya kusema?"

"Sema, mzee."

"Baba yangu alikatwa mguu, hospitali kubwa. Walisema atapona. Alikufa siku ya tatu. Tulipewa maiti, na mguu hatukupewa. Mpaka leo sijui mguu wa baba yangu ulizikwa wapi. Sitaki huyu mama aende hivyo. Kama ni kufa, afie kwake, mzima."

Hakuwa anaigiza. Kidevu chake kilitikisika.

"Mwambie na lile lingine," Ndinda alisema.

"Lipi?"

"Wapima mashamba wanakuja vilima vyetu mwezi ujao. Mwambie, mwaitu asipokuwapo, ni nani atasimama mbele ya kamati aseme huyu ni mke wangu na hawa ni watoto wangu. Mwambie shamba litaandikwa jina la nani."

"Usilete shamba hospitalini."

"Silileti mimi. Umelibeba wewe ndani ya koti."

Nzuki alitazama chini. Nami, msomaji, sitakuambia ni lipi kati ya hayo mawili lililomtoa nyumbani alfajiri na chupa ya maziwa. Mtu anaweza kumlilia baba yake kwa kweli na bado akalitaka shamba kwa kweli. Moyo ni mmoja lakini una milango miwili.

Daktari Mugo alivuta kiti.

"Tusibishane juu ya kadi," alisema. "Mgonjwa yuko hapa. Nitamuuliza mwenyewe, mbele yenu nyote. Akijibu kwa akili yake, neno lake linatosha. Sihitaji sahihi ya mtu."

Rahab karibu amshukuru Mungu kwa sauti. Lakini akamtazama Syokau.

Bibi alikuwa ametulia mno. Mdomo umelegea. Alikuwa anatabasamu.

"Mama Syokau," Daktari aliita. "Mama. Unanisikia? Leo ni siku gani?"

"Siku ya soko."

"Na hapa ni wapi?"

"Migwani." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Mwambie Ndolo amshushe bei yule mbuzi. Atarudi naye nyumbani."

"Mzee Ndolo yuko wapi?"

"Si huyo hapo? Amesimama juani bila kofia."

Hakuna aliyesimama juani. Ndolo alikuwa kaburini miaka kumi na saba.

Daktari alimwonyesha Ndinda. "Na huyu ni nani?"

Syokau aligeuza kichwa polepole. Macho yake yalitafuta, yakapata, yakatulia.

"Huyo ni mke wangu," alisema.

Jibu lake moja tu lililokuwa sahihi lilikuwa lile lile lililomfanya aandikwe wazimu.

"Rahab," Daktari alisema bila kugeuka. "Umempa nini?"

"Pethidini, ya maumivu." Sauti yake haikufika mbali. "Saa tatu na nusu. Kabla ya kufungua kidonda. Alikuwa analia, Daktari. Ilikuwa kwenye maagizo yako mwenyewe."

"Ndiyo. Yangu mwenyewe."

"Nilimhurumia."

"Najua."

Kwa hiyo unaona jinsi mambo yalivyojipanga. Mara ya kwanza Rahab alimhurumia bibi kwa kalamu. Mara ya pili kwa sindano. Mara zote mbili hakuvunja kanuni hata moja.

"Umesikia, Daktari," Nzuki alisema, na hakusema kwa furaha. "Ameongea na marehemu. Nimchukue?"

"Hapana!" Ndinda alipiga magoti. "Daktari, niulize mimi! Mimi nipe hiyo karatasi ya kukubali operesheni. Nitaweka dole gumba. Nitaweka yote kumi!"

"Mama, karatasi inataka mume, au mtoto, au ndugu wa damu au wa upande wa mume. Mimi nakuamini. Lakini akifia mezani, huyu mzee atanipeleka kortini, na hakimu ataniuliza ulikuwa nani kwake. Nitajibu nini? Kwenye kadi wewe ni mfanyakazi, umepigiwa mstari leo asubuhi."

"Basi mkate bila karatasi!"

"Siwezi."

"Mnaweza nini, basi?" Ndinda aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. "Nyinyi watu wa hospitali, mnaweza nini?"



Daktari alifunua mguu. Kila siku saa moja asubuhi Rahab alichora mstari mdogo wa kalamu mahali weusi ulipofikia, na tarehe pembeni. Kulikuwa na mistari kumi na mmoja, ikipanda kama ngazi kutoka kwenye vidole. Saba ya kwanza ilikaribiana. Minne ya mwisho iliachana.

Daktari alichukua kalamu, akachora wa kumi na mbili, mnene, kiganja kimoja chini ya goti.

"Ukifika hapa, siwezi tena kukata Itoloni. Itakuwa juu ya goti, na hapa hatuna damu wala mtu wa kumlaza usingizi mzito. Na njia ya kumfikisha Nairobi akiwa hai siioni." Akatazama saa. "Nitalala Kitui. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa hapa, kabla sijaenda Mwingi. Nitamuuliza tena. Akinijibu vizuri, nakata papo hapo. Asipojibu, mzee amchukue."

"Na leo asimguse?" Rahab aliuliza.

"Hakuna kumtoa leo. Mzee, tumeelewana?"

Nzuki aliinamisha kichwa. "Nitakaa kwenye benchi. Lakini na mimi niseme. Kesho nikisikia amepewa hata tone moja la hiyo dawa, neno lake si neno. Nitakataa mbele ya chifu, nitakataa mbele ya hakimu."

"Ana haki," Daktari alisema. "Figo za mama zimechoka. Dawa inakaa ndani yake muda mrefu. Jana ulimpa saa ngapi, Rahab?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Na leo aliamka saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Umeona. Basi tangu sasa asipate pethidini hata moja, mpaka nimsikie."

"Na maumivu yake, Daktari?"

"Aspirini."

"Aspirini? Kwa mguu huu?"

Daktari Mugo alifunga mkoba wake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na siku hiyo alionekana wa hamsini.

"Sijui, Rahab," alisema. "Ungenionyesha njia nyingine ningeifuata. Sijui."

Gari lake likaondoka, na vumbi likachukua muda mrefu kutua.

*

Syokau aliamka saa kumi na moja kasorobo, jua likiwa bado juu ya kilima.

Viliamka vyote, akili na mguu kwa pamoja. Alishika chuma cha kitanda, akakaza meno, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu mzima wala ya mtoto. Ndinda alimkumbatia mabega.

"Mwaitu. Mwaitu, niko hapa."

Rahab alikuja na trei. Kidonda kilikuwa kimefunikwa tu tangu asubuhi. Kazi ile aliyokuwa ameianza kabla Nzuki hajaingia haikumalizika. Aliinama karibu na uso wa bibi.

"Mama Syokau. Leo ni siku gani?"

"Kwani huna kalenda?" Syokau alisema kwa pumzi fupi. "Ijumaa."

"Hapa ni wapi?"

"Itoloni. Hospitali. Kitanda kibovu."

Mwanamkasi alicheka kwa sauti. "Huyo! Huyo ndiye mwenyewe!"

"Mzee Ndolo yuko wapi?"

Syokau alimtazama Rahab kama mtu anayemtazama mjinga. "Ndolo nilimzika mimi. Kwa nini unaniuliza maneno ya kitoto?"

Rahab alitaka kulia na kucheka. Akageuka mlangoni. Nzuki alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Daktari alikuwa umbali wa maili arobaini.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia."

"Basi kubali. Kubali sasa, nitume mtu Kitui."

"Nitakubali mbele ya daktari," Nzuki alisema. "Wewe na mimi, sista, tulikwisha kuona leo neno la mtu mmoja linavyoandikwa."

Rahab alimweleza Syokau yote. Alimweleza bila kupunguza: kadi, neno lile, sindano ya asubuhi, daktari, kesho saa tatu. Alimwambia mpaka wakati huo hatapata dawa ya kumwondolea maumivu, kwa sababu akiipata, neno lake halitahesabiwa. Wala la mguu, wala la mke, wala la watoto.

Bibi aliitazama kadi miguuni pake.

"Kwa hiyo uliniandika wazimu."

"Ndiyo, mama. Nilikosa."

"Na sasa ili nitoke kwenye huo wazimu, lazima niumie mpaka kesho."

"Ndiyo."

Syokau alimtazama Ndinda. Kisha akasema, "Haya. Funga mguu. Nitauma shuka."

Rahab akaanza. Alilowesha shashi ili ibanduke yenyewe, akahesabu kimya kimya, akabandua kidogo, akasubiri, akabandua tena. Kiasi cha upana wa kidole. Cha pili. Syokau aliuma shuka mpaka likatoboka. Jasho lilimtoka likalowesha mto. Mwanamkasi alianza kusoma dua kwa sauti ya chini. Ndinda alifumba macho.

Chini ya shashi, weusi ulikuwa umeuvuka mstari wa asubuhi hiyo. Rahab aliweka vidole kupima. Kati yake na mstari mnene wa daktari palibaki vidole vinne.

Alikuwa amefika nusu ya kidonda wakati mkono ulipomshika kifundo cha mkono. Mkono mkavu, wa moto, wenye nguvu asizozitarajia.

"Acha."

"Imebaki nusu, mama."

"Acha, nimesema. Sista. Nipe sindano."

Rahab alidhani hakusikia vizuri. "Mama, tumesema sasa hivi..."

"Nilisema. Sasa nasema lingine. Siwezi. Nilidhani naweza, siwezi. Nipe sindano."

"Mwaitu!" Ndinda alilia. "Mwaitu, mpaka kesho tu. Saa tatu tu. Watoto, mwaitu!"

"Mguu ni wako?" Syokau alimuuliza, na machozi yalikuwa yanatiririka mpaka masikioni. "Ndinda, nakupenda. Mguu ni wako?"

Ndinda alifunika uso kwa kanga.

Rahab aliweka mkono mfukoni mwa aproni. Ufunguo wa kabati la dawa kali ulikuwa pale, umefungwa kwa uzi mwekundu. Hatua tisa kutoka kitandani mpaka kabatini, alizijua.

"Daktari amekataza," alisema.

"Daktari yuko wapi? Ameshika mguu gani?" Syokau alijivuta akaketi nusu. "Umeniuliza siku, nimekuambia. Umeniuliza mahali, nimekuambia. Ulitaka kujua kama nina akili. Ninayo. Akili yangu inakuomba sindano. Au neno langu ni neno likiwa la kukatwa tu?"

Vitabu vya Rahab vilikuwa vimejaa majibu, na hakuna hata moja lililokaa hapa. Akimpa, leo amemsikiliza, na kesho hakuna atakayemsikiliza. Asipompa, anamfanyia leo kile kile alichomfanyia siku ya kwanza mezani: bibi anasema kwa akili yake timamu, naye muuguzi anaandika lingine.

Nzuki alikuwa ameingia ndani. Alisimama mwisho wa kitanda, karibu na kadi, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Mpe, sista," alisema. Sauti yake ilikatika. "Ni mama mzima, anaomba. Wewe mwenyewe si umesema ana akili? Mpe."

"Usimsikilize!" Ndinda alipiga kelele. "Sista, usimsikilize huyo!"

Nilikuwa nikiandika maneno ya Nzuki hapa nikaweka kalamu chini. Kama ni huruma iliyomtoa machozi, au ni shamba, hakuna aliyekuwa mle wodini angeweza kukuambia, na sidhani kama Nzuki mwenyewe angeweza.

Bandeji ilianguka kutoka kitandani, ikajikunjua sakafuni mpaka ilipogonga beseni. Nusu ya mguu ilikuwa safi, nusu bado imegandiwa na shashi ya asubuhi. Haikuwezekana kumalizia bila dawa. Rahab alikifunika kidonda jinsi kilivyokuwa, kwa kitambaa kilicholowa, akaandika kwenye kadi saa kumi na moja na dakika ishirini: "Kazi haijaisha. Itamaliziwa kesho."

Chini ya hapo palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, ule wa kuandika dawa iliyotolewa.

Hakuandika kitu. Alisimama na kalamu mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili, na Syokau, ambaye hakuwa ameachia kifundo chake, akasema tena, polepole, siku na mahali na jina lake kamili, kama mtu anayejibu mbele ya kamati.

"Leo ni Ijumaa. Niko Itoloni. Mimi ni Syokau wa Ndolo. Huyu ni mke wangu. Sista, nipe sindano."